Tafuta Mbegu Zilizofichwa: Mchezo wa Watu Wawili

Ndugu msomaji, leo tunakuletea mchezo. Usiseme, "Sisi ni watu wazima, michezo ni ya watoto." Bao nalo ni mchezo, na wazee wetu hulicheza mpaka jua linazama. Mchezo wa leo unataka vitu vitatu tu: mbegu chache, penseli na karatasi. Unataka pia kichwa kinachofikiri.

Kwa nini tuuandike katika gazeti la waliohitimu kisomo? Kisomo ni kama jembe. Likitumika linang'aa, likikaa darini linashika kutu. Wako watu waliojifunza kusoma na kuandika, wakapata cheti, halafu hawakushika tena penseli. Baada ya miaka michache wanapoletewa karatasi ya kutia sahihi, wanaomba wino wa dole gumba. Katika mchezo huu, asiyeandika hushindwa. Anayeandika vizuri hushinda. Ndiyo maana tunaupenda.

Mchezo ulitoka wapi?

Zamani huko Ulaya watu walicheza mchezo wa namna hii kwa karatasi na penseli. Mmoja alificha tarakimu nne, mwenzake akazitafuta. Tarakimu iliyo sahihi na mahali pake sahihi iliitwa fahali. Tarakimu iliyo sahihi lakini mahali si pake iliitwa ng'ombe jike.

Mwaka 1970 mtu mmoja wa Israeli, Mordecai Meirowitz, aliutengenezea ubao wenye matundu na vijiti vya rangi sita. Makampuni makubwa ya michezo yaliukataa. Mwishowe kampuni ya plastiki ya mji wa Leicester, Uingereza, iitwayo Invicta, iliukubali na kuuuza kwa jina la Mastermind. Ukaenea nchi nyingi.

Lakini sisi hatuna haja ya kununua plastiki. Tutatumia vya nyumbani.

Vifaa

Tafuta mbegu za aina sita, za kila aina chache. Sisi tumechagua hizi, kwa sababu kila moja inaanza na herufi yake:

M – mahindi
K – karanga
C – choroko
B – mbegu za boga
N – njugumawe
U – mbegu za ubuyu

Kama kwako hakuna ubuyu, tumia mbegu nyingine, mradi herufi zisifanane. Halafu tafuta vipande vidogo vya mkaa na punje za mchele. Hivi ni vya kutolea majibu.

Ubao je? Kama kijijini lipo bao la kete, tayari unao. Bao lina mashimo 32, yaani safu nne za mashimo manane. Ligeuze, upande mfupi uwe mbele yako. Sasa una mistari 8, na kila mstari una mashimo 4. Kila mstari ni jaribio moja. Kama hakuna bao, chimba vishimo chini au chora mistari kwenye karatasi.

Namna ya kucheza

Mchezaji mmoja ni mweka siri. Mwenzake ni mtafutaji.

Mweka siri anachagua mbegu nne na kuzipanga kwa mfuatano anaoutaka. Haonyeshi. Anaandika herufi zake kwenye karatasi, anaikunja na kuiweka chini ya jiwe. Kwa kuanzia, mbegu zote nne ziwe za aina mbalimbali.

Mtafutaji anaweka mbegu nne kwenye mstari wa kwanza. Hilo ni jaribio lake. Mweka siri anajibu hivi:

Mkaa mmoja kwa kila mbegu iliyomo katika siri na iliyokaa mahali pake.

Mchele mmoja kwa kila mbegu iliyomo katika siri lakini imekaa mahali ambapo si pake.

Mbegu isiyomo kabisa haipati kitu.

Angalia sana: mweka siri hasemi ni mbegu ipi imepata mkaa, wala ipi imepata mchele. Anatoa hesabu tu. Kazi ya kujua ni ipi ni ya mtafutaji. Akipata mikaa minne, ameifungua siri.

Hebu tuwatazame wawili wakicheza

Tuseme mume ndiye mweka siri na mkewe ndiye mtafutaji. Mume ameandika siri yake: U K N C.

"Haya, Mama Watoto, nimeshaweka. Tafuta!"

Kabla hajaanza, siri zinazowezekana ni ngapi? Tupige hesabu. Shimo la kwanza linaweza kupata mbegu yoyote kati ya 6. La pili 5, la tatu 4, la nne 3. Yaani 6 mara 5 mara 4 mara 3, ni 360. Mtu wa kubahatisha tu anaweza kukesha.

Jaribio la 1: M K C B. Jibu: mkaa 1, mchele 1.

Mama anaandika jaribio na jibu lake. Anafikiri. Jumla ya jibu ni 2. Kwa hiyo kati ya M, K, C na B, zilizomo ni mbili tu. Lakini siri ina mbegu nne. Hizo mbili nyingine zitatoka wapi? Zimebaki aina mbili tu, N na U. Basi N na U zimo zote! Hajazigusa bado, lakini ameshajua kwamba zimo.

Siri zinazowezekana sasa ni ngapi? Mbegu iliyokaa sawa ni mojawapo ya 4. Ile iliyokosea mahali ni mojawapo ya 3 zilizobaki, nayo ina mashimo 2 inayoweza kukaa. N na U zinajaza mashimo mawili yaliyosalia kwa njia 2. Yaani 4 mara 3 mara 2 mara 2, ni 48. Jibu moja limefuta siri 312.

Jaribio la 2: M N K U. Jibu: mkaa 0, mchele 3.

"Ah, hakuna hata mkaa mmoja! Umepotea, Mama Watoto," mume anamtania.

Hajapotea hata kidogo. Kukosa mkaa kumemfundisha mambo manne kwa mara moja: M haiko shimo la kwanza, N haiko la pili, K haiko la tatu, U haiko la nne. Tena jumla ni 3. N na U zimo, hilo analijua. Kwa hiyo kati ya M na K, iliyomo ni moja tu. Ukiziandika kwa uangalifu, utaona siri zilizobaki ni 13.

Sasa anatafuta mpangilio unaokubaliana na majibu yote mawili ya nyuma.

Jaribio la 3: N K U C. Jibu: mkaa 2, mchele 2.

Jumla ni 4. Aina zote nne amezipata. Mbili zimekaa sawa, mbili zibadilishane mahali. Zipi? Zipo njia sita za kubadilisha. Mama anazipima moja moja kwa kusoma karatasi yake:

K N U C – hapana. N haiko shimo la pili.
N U K C – hapana. K haiko shimo la tatu.
N K C U – hapana. U haiko shimo la nne.
N C U K – hapana. Ingekuwa hivi, jaribio la 1 lisingepata mkaa.
C K U N – inawezekana.
U K N C – inawezekana.

Zimebaki mbili, na karatasi haiwezi kuzitenganisha. Hapa peke yake ndipo anapobahatisha.

Jaribio la 4: C K U N. Jibu: mkaa 1, mchele 3. Amekosa. Lakini sasa imebaki moja tu.

Jaribio la 5: U K N C. Mikaa minne! Wanafunua karatasi chini ya jiwe, na ndiyo hiyo.

Umeona, ndugu msomaji? Mama alikosa mara nne, lakini hakuna kosa lililopotea bure. "Hapana" ni habari, kama "ndiyo" ilivyo habari, mradi uwe umeiandika. Mwenye kutegemea kumbukumbu ya kichwa peke yake angefika jaribio la 3 akiwa ameshasahau jibu la 1.

Kanuni ya mtafutaji ni hii: usiweke mbegu hovyo. Kila jaribio jipya likubaliane na majibu yote ya nyuma.

Uaminifu wa mweka siri

Mweka siri naye ana kazi nzito. Tuseme katika jaribio la 2 mume angekosea na kujibu "mchele 2" badala ya 3. Punje moja tu ya mchele imepungua. Mkewe angesema, "Hizo mbili ni N na U. Basi M na K hazimo." Angeitupa K, na K imo! Angefikiri vizuri, angehesabu vizuri, lakini ukweli asingeufikia kamwe. Hesabu nzuri juu ya habari ya uongo huzaa uongo.

Ndivyo yalivyo mambo mengine. Uzito wa pamba ukiandikwa kilo pungufu, au tarehe ya chanjo ya mtoto ikiandikwa vibaya, wote watakaofuata watakosea hata wakiwa wasomi.

Dawa yake ni nini? Maandishi. Mchezo ukiisha, funueni siri, halafu mpitie mstari kwa mstari, mkilinganisha kila jibu na siri. Kosa litaonekana wazi, na hakuna haja ya kugombana. Mwenye karatasi anaonyesha kidole: "Tazama, ni hapa."

Kuhesabu pointi

Mweka siri anapata pointi 1 kwa kila jaribio alilotumia mtafutaji. Katika mfano wetu mume amepata pointi 5. Halafu badilishaneni kazi. Chezeni mara nne au sita, kila mmoja aweke siri mara sawa na mwenzake. Mwenye pointi nyingi ameshinda.

Ukishazoea

Wakishakuwa hodari, wachezaji hukubaliana kwamba mbegu ya aina moja inaweza kurudiwa, kwa mfano M M K B. Hapo siri zinazowezekana ni 6 mara 6 mara 6 mara 6, yaani 1,296. Hata hivyo, mwaka 1977 mtaalamu wa hesabu na kompyuta wa Marekani, Donald Knuth, alionyesha kwamba anayefuata utaratibu wake hufungua siri yoyote kati ya hizo kwa majaribio yasiyozidi 5.

Katika kurudia, kumbuka: kila mbegu ya siri inajibiwa mara moja tu. Siri ikiwa M M K B, na jaribio likiwa M C M M, jibu ni mkaa 1 na mchele 1. M ya tatu haipati kitu, maana siri ina M mbili tu.

Jaribu mwenyewe

1. Siri ni B U K M. Jaribio ni K U M N. Utajibu nini?

2. Mbegu hazirudiwi. Umeweka M K C B, ukajibiwa mkaa 0, mchele 2. Unajua nini kuhusu N na U?

Andika majibu yako kwanza, ndipo usome hapa chini. Halafu mfundishe jirani yako, naye aandike.

Majibu: (1) Mkaa 1, kwa sababu ya U, mchele 2, kwa sababu ya K na M. (2) Zimo zote mbili.