Uzi Umekatikia Wapi?

Jioni moja binti wa dada yangu alikuja mbio, amelikumbatia gitaa lake kama aliyebeba kuku mgonjwa. Gitaa lilikuwa jipya, halijamaliza hata wiki nyumbani.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mama. Kuna nini?”

“Nimeliharibu. Nilikuwa nalityuni tu. Nikazungusha, nikazungusha, mara tang! Uzi ukanichapa mkononi.”

Kutyuni, kwa ninyi ambao hamjawahi kushika gitaa, ni kukaza au kulegeza kila uzi mpaka utoe sauti yake, ili nyuzi zote sita zipatane. Nililipokea lile gitaa nikalitazama. Nyuzi tano zilikuwa salama. Uliokosekana ni uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote.

“Uzi wenyewe uko wapi?”

“Nimeutupa.”

“Kauokote, na vipande vyote viwili. Uzi uliokatika ni shahidi. Ukiutupa, kesho utakata mwingine na hutajua kwa nini.”

Alipokwenda kuutafuta, nilibaki nikiwaza jinsi ya kumweleza. Ngoja niwaeleze ninyi kwanza, halafu tutarudi kwake.

Uzi wa gitaa ukipigwa hutetemeka, unakwenda na kurudi haraka mno hata macho yakauona kama ukungu. Uzi wa kwanza ukiwa umekaa sawasawa hutetemeka kiasi cha mara 330 katika sekunde moja, na sauti hiyo wanamuziki huiita E. Ukiukaza zaidi, unatetemeka haraka zaidi na sauti inapanda. Ukiulegeza, sauti inashuka. Hilo kila mtoto aliyewahi kuvuta mpira wa manati analijua.

Wasilolijua wengi ni uzito wa mvuto wenyewe. Chukua uzi wa kwanza wa gitaa la nyuzi za chuma, wenye unene wa milimita 0.3 hivi. Ili utoe E yake, unavutwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 10. Hebu fikiria: ndoo yenye lita 10 za maji inaning'inia kwenye waya mwembamba usiofikia hata nusu milimita, usiku na mchana, hata gitaa likiwa limetundikwa ukutani na wewe umelala. Ukijumlisha nyuzi zote sita, gitaa hilo linabeba mvuto wa kilo 70 hivi, sawa na mtu mzima.

Uzi huo wa chuma, ukiwa mzima, hukatika mzigo ukikaribia kilo 20, yaani dumu moja la maji lililojaa. Kwa hiyo unapocheza wimbo wako wa kawaida, uzi wa kwanza tayari umeshatumia karibu nusu ya nguvu zake zote. Ndiyo maana huo ndio hukatika mara nyingi kuliko wenzake.

Hapa mtoto mwerevu ataniambia: “Basi, mjomba, tuweke uzi mnene.” Ni wazo zuri, lakini halisaidii. Uzi ukiwa na chuma maradufu, ni kweli unaweza kubeba mzigo maradufu. Lakini pia ni mzito maradufu, na kitu kizito hutetemeka polepole. Ili utoe E ileile, itabidi uuvute kwa nguvu maradufu. Faida yote imeliwa. Kwa urefu uleule wa gitaa, uzi mwembamba na uzi mnene wa chuma kilekile hufika mwisho wao karibu kwenye sauti ileile.

Kuna jambo jingine la kushangaza zaidi. Ukitaka uzi utetemeke mara mbili zaidi, usidhani kwamba utauvuta mara mbili. Lazima uuvute mara nne. Likumbukeni hilo, kwa maana litarudi mwishoni mwa kisa chetu.

Watu wa kale waliujua kwa masikio yao ukingo huu, ambao uzi ukiuvuka hukatika. Huko Ulaya, miaka 400 iliyopita, kulikuwa na ala iitwayo lute, mtoto wa udi uleule mnaousikia katika taarabu ya Zanzibar. Nyuzi zake zilitengenezwa kwa utumbo wa kondoo. Vitabu vya kufundishia ala hiyo viliwaagiza wanafunzi waupandishe uzi wa kwanza juu kadiri utakavyovumilia bila kukatika, ndipo nyingine zifuate. Waliishi ukingoni kwa makusudi, kwa sababu huko ndiko uzi unakotoa sauti angavu.

Sasa, ukingo huo ni wa uzi mzima usio na kasoro. Uzi wenye kasoro hukatika mapema zaidi. Wahenga walisema kamba hukatika pabovu, na uzi wa gitaa ni kamba kama kamba nyingine. Mzigo ni mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini uzi haukatiki kila mahali. Unachagua mahali palipo padhaifu. Ukipaona hapo, umeona sababu.

Gitaa langu la kwanza nililitengeneza mwenyewe utotoni, kwa kopo la mafuta ya kula, ubao, na nyuzi nilizochambua kutoka waya wa breki ya baiskeli. Nilizifunga kwenye misumari. Kila nilipokaza, waya ulikatika, na kila mara ulikatikia kwenye msumari uleule. Nililaumu waya. Nililaumu mkono wangu. Mzee mmoja fundi baiskeli aliupapasa ule msumari kwa kidole akaniambia, “Huu una meno.” Ukingo wake ulikuwa mkali, nao ulikuwa ukiukwangua waya kidogo kidogo. Aliusugua kwa msasa mpaka ukawa laini. Waya uliofuata ulidumu.

Gitaa la dukani nalo lina misumari yake. Kule kichwani kuna vigingi vya kukazia. Uzi hupita kwenye tundu la kigingi na kupinda kwa ghafla. Tundu likiwa na ukingo mkali, uzi utakatikia hapo. Mkiona hivyo, mpelekeeni fundi aulainishe ukingo huo.

Ukishatoka kwenye kigingi, uzi hupita juu ya kidaraja chembamba chenye mifereji sita, pale shingo inapoanza. Mfereji ukiubana uzi, unazungusha kigingi na sauti haipandi. Unazungusha tena, bado. Mvuto wote umejazana upande wa kigingini. Ghafla unasikia “tik!”, uzi unateleza na sauti inaruka. Siku nyingine hautelezi, unakatika. Dawa ni penseli ya kawaida: sugua ncha yake ndani ya mfereji. Ule unga mweusi huufanya uzi uteleze.

Uzi ukikatikia katikati, tazama rangi yake. Kama umechakaa na una madoa ya kahawia, hiyo ni kutu. Jasho la vidole lina chumvi, na kwa wanaoishi pwani, Tanga au Mombasa, hata upepo wa bahari hulowesha chuma. Kutu huutafuna waya ambao tangu mwanzo haukuwa na unene wa kugawa. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga.

Halafu kuna uchovu. Chukua kipande cha waya, kipinde huku na huku mahali pamoja. Mara ya kwanza si kitu, mara ya kumi si kitu, kisha kinakatika bila nguvu. Uzi unaolegezwa na kukazwa kila siku kwa miezi mingi huchoka hivyohivyo pale unapopindia.

Mpwa wangu alirudi na vipande vyake viwili. Tuliviweka mezani chini ya taa, nikamweleza niliyowaeleza ninyi.

“Umekatikia wapi?” nikamuuliza.

Akavipanga. “Kwenye kigingi. Pale unapopinda.”

“Papasa tundu. Lina meno?”

Akapapasa taratibu. “Hapana. Ni laini.”

“Kutu?”

“Hakuna. Unang'aa.”

“Basi uzi hauna kosa, na gitaa halina kosa. Sasa niambie, simu yako ilikuwa ikiandika nini ulipokuwa unatyuni?”

Alikuwa akitumia programu ya simu, ile inayosikiliza sauti na kuonyesha herufi yake. Akafumba macho akikumbuka.

“Mwanzo iliandika F. Mimi natafuta E. Nikazungusha, ikaja G. Nikajua bado. Nikazungusha, ikaja A. Halafu ndiyo tang.”

“Herufi zinafuatanaje? Zitaje.”

“A, B, C, D, E, F...” Akanyamaza. Mkono ukaenda mdomoni. “E iko nyuma ya F!”

“Ilikuwa nyuma yako hatua moja tu. Ungelegeza kidogo ungefika. Wewe ukaondoka kuitafuta E nyingine iliyo mbele. Nayo ipo kweli, kwa sababu baada ya G herufi huanza upya kwa A, na sauti inayotetemeka mara mbili zaidi hurudia jina lilelile. Hiyo E ya mbele hutetemeka mara 660. Mara mbili. Je, inataka mvuto wa mara ngapi?”

“Mara nne,” akasema, maana nilikuwa nimeshamweleza hayo. “Kilo 40. Madumu mawili!”

“Na uzi unakatika kabla dumu la pili halijaguswa. Ulipokatika kwenye A, haukukuonea. Uzi ulikuwa umevutwa hadi mwisho wa nguvu zake, ukaachia pale pembeni palipopinda.”

Tulifunga uzi mpya. Nilimwambia aweke uso mbali na nyuzi, kwa sababu uzi ukikatika hurudi kama fimbo, na jicho halina spea. Nilimwonyesha ahakikishe kigingi alichoshika ni cha uzi anaoupiga, maana wengi hukata uzi kwa kukaza mmoja huku wakisikiliza mwingine. Kisha nikamwambia aiweke simu pembeni kwanza. Uzi wa pili ulikuwa umeshakaa sawa. Ukiubonyeza kwenye freti ya tano, yaani nafasi ya tano shingoni, unatoa E ileile inayotakiwa na uzi wa kwanza.

Akapiga wa pili, akapiga wa kwanza. Wa kwanza ulikuwa chini. Akazungusha kidogo, akapiga. Akazungusha kidogo tena. Sauti mbili zikasogeleana, zikawa zinapigana kwa mawimbi, wau-wau-wau, kisha mawimbi yakapungua mwendo, yakatulia, na sauti ikawa moja.

Akaondoa mkono kwenye kigingi bila kuambiwa.