Kongo ni rafiki wa mazingira? Tujiangalie kwanza sisi wenyewe



Siku hizi kwenye redio tunasikia mara nyingi kwamba Kongo ni "nchi ya suluhisho". Wakubwa wetu wanayasema maneno hayo kwenye mikutano ya dunia juu ya hali ya hewa, na sababu wako nayo. Pori la bonde la Kongo ni la pili kwa ukubwa kati ya mapori ya mvua duniani, nyuma ya lile la Amazoni, na zaidi ya nusu yake iko kwetu. Katikati ya pori hilo kuna ardhi ya matope ya majani yaliyooza tangu zamani sana. Mwaka 2017 wataalamu walionyesha kwamba matope hayo, pamoja na upande wa Kongo-Brazzaville, yamefunga karibu tani bilioni 30 za kaboni. Tena Mkongomani wa kawaida hana gari wala kiwanda. Moshi wa mafuta anaoutoa kwa mwaka ni kati ya ile midogo kabisa duniani.

Tukisikia hivyo tunafurahi. Lakini tujiulize bila haya: tunatunza mazingira juu tunayapenda, ama juu hatuna makuta ya kuyaharibu zaidi? Mtu asiye na gari hawezi kujisifu kwamba haendeshi. Tujipime kwa vitu tulivyo navyo mkononi: panga, kiberiti, makala na sashe.

Panga na kiberiti

Kila mwaka nchi yetu inapoteza karibu hekta nusu milioni ya pori la asili. Duniani, ni Brazili tu ambayo mara nyingi inatupita. Kuna wanaokata mbao na kuna wachimba madini, lakini sababu kubwa ni mashamba madogo ya kukata na kuchoma, ndiyo kusema sisi wenyewe. Babu zetu pia walichoma. Wao walikuwa wachache, na shamba lilipumzika miaka mingi mpaka pori likarudi. Leo tuko wengi, shamba linarudiwa baada ya miaka michache tu, udongo umechoka, na tunasogea mbele kukata tena.

Baada ya shamba, kuna makala. Katika Kongo nzima, karibu mtu mmoja tu kati ya watano ndiye anapata umeme, na hata mwenye umeme mara nyingi anapika kwa makala. Kwa njia yetu ya kawaida, kilo 100 za kuni zinatoa kilo 10 mpaka 15 za makala. Nyingine yote inapotea kwa moshi na majivu. Kwa hiyo gunia moja tunaloona kando ya barabara ni mti mkubwa kuliko tunavyofikiri.

Sashe inayozima umeme

Wanamemba wa Kivu ya Kusini wanajua mambo ya Bukavu. Pale maji ya Ziwa Kivu yanapotoka kuingia mto Ruzizi, kuna kiwanda cha umeme kilichojengwa tangu enzi ya Wabelgiji. Mvua ikinyesha, butelia na sashe zinateremka kutoka milimani mpaka ziwani, zinafika kwenye kiwanda na kuziba mashine. Wafanyakazi wanatoa takataka kwa mikono, na wakati huo kartié zinabaki gizani.

Tufuate hiyo njia mpaka mwisho. Umeme ukikatika, mama anawasha babula. Makala inatoka milimani, nyingine ndani kabisa ya pori la Kahuzi-Biega, ambako kukata ni marufuku. Mlima ukibaki uchi, mvua inashusha udongo ziwani pamoja na takataka, na kiwanda kinasumbuka tena. Hapo muuza makala, mama wa soko, mkulima na mtupa butelia, kila mmoja ana mkono wake.

Tusisahau Nyamukubi

Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, mvua kubwa ilinyesha Kalehe. Mito iliteremka na mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengi hawakuonekana tena. Mvua ilikuwa kali, ndiyo. Lakini wakaaji wa kule wanajua miti ya milima ile ilikatwa muda mrefu, na hapakubaki mizizi mingi ya kushika udongo. Kwa hiyo mkutano wetu juu ya miti unahusu maisha ya watoto wetu.

Sheria ziko

Mtu asiseme kwamba Kongo haina sheria. Tangu Desemba 2017 kuna dekre inayokataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe za plastiki. Rwanda ilizikataza mwaka 2008. Mtu wa Bukavu akivuka Ruzizi kwenda Kamembe, anaacha sashe mpakani. Jioni akirudi, anapokea nyingine sokoni bila kufikiri. Ni mtu yule yule, na roho ni ile ile. Kule anajua sheria inafuatwa. Huku anajua hakuna atakayemuuliza. Basi tusiseme Mkongomani amezaliwa mchafu. Tuseme kwamba hatujakubaliana kuulizana.

Sheria nyingine inatupa nguvu. Kodi ya misitu ya 2002, na dekre ya 2014 iliyofuata, zinaruhusu kijiji kuomba pori lake liwe la jamii, mpaka hekta 50.000, na kulitunza chenyewe. Koperativi iliyo karibu na pori iulize jambo hilo kwa chefu na kwenye ofisi ya mazingira.

Tuanzie wapi?

Tuanze na makosa yetu. Sisi wa gazeti hili tunafika kwenu kwa gari ya mazuti. Na mara ngapi koperativi zetu zimepanda mibuni kutoka pepinieri, kisha zikaacha zile sashe nyeusi za miche shambani? Mvua inazipeleka mtoni, sawa na za mjini. Kwa hiyo:

1. Sashe za miche zihesabiwe zikitoka na zikirudi. Maganda ya mgomba yanaweza kuchukua nafasi yake bila makuta.

2. Kwenye mteremko, chimbeni mitaro ya kukata maji na pandeni kaliandra ama majani ya mifugo kwenye kingo. Udongo unabaki, na mbuzi wanakula.

3. Kila mwanamemba awe na miti yake ya kuni: grevilea kwenye mpaka wa shamba, ekaliptusi mbali na chemchemi.

4. Anayechoma makala akaushe kuni vizuri, apange tanuru bila nafasi tupu, afunike kwa udongo na alichunge usiku na mchana. Kwa kuni zile zile atapata makala zaidi.

5. Nyumbani, babula iliyozungushiwa udongo inakula makala kidogo kuliko ile ya bati tupu.

Kwenye mkutano wenu ujao, wekeni swali hili mbele: mwaka uliopita tumekata miti mingapi, na tumepanda mingapi iliyo hai mpaka leo? Miche iliyokauka isihesabiwe. Andikeni hesabu mbili hizo kwenye kitabu cha koperativi, na mwaka ujao mrudie. Tutakapopita kwenu, tutaomba kuziona, na ninyi mtuulize sisi pia mazuti yetu.