Hell's Gate: Mbuga ya miguu, haina dirisha la kujificha

Wengi wetu tuliolelewa mjini tuliona mbuga kwa mara ya kwanza kupitia dirisha la basi la shule. Dereva anapunguza mwendo, mwalimu anapaza sauti kwamba kuna pundamilia upande wa kushoto, basi zima linaegemea kushoto, na kabla hujapenyeza kichwa kati ya mabega ya wenzako pundamilia washaenda zao. Unarudi nyumbani na vumbi kwenye soksi na insha ya kuandika. Baada ya hapo mbuga inakuwa kitu cha kuonwa kwenye runinga na kwenye picha za watu wenye chapaa.

Ndiyo maana ukimwambia msee wa Umoja au Kayole kwamba Jumamosi mnaenda mbugani, swali lake la kwanza ni: tunaenda na gari la nani? Tumezoea kuamini kwamba mbuga ni ya mzungu mwenye kofia pana, kamera ndefu na Land Cruiser ya kufunguka paa. Sisi wengine tusubiri harusi ya tajiri fulani Nanyuki.

Sasa kuna mbuga moja, kama kilomita 90 kutoka Nairobi, ambapo gari si lazima. Hell's Gate, pale Naivasha. Unaingia kwa baiskeli au kwa miguu yako mwenyewe, bila kioo wala mlango kati yako na nyati. Na hapo ndipo mambo hubadilika, kwa sababu ukishashuka garini wewe si mtazamaji tena. Wewe ni mnyama mmoja kati ya wengine, na si yule mwenye mbio.

Nataka uende. Lakini pia nataka ujue mambo kadhaa kabla ya kwenda, kwa maana kuna vijana kama sisi walioenda pale kujivinjari na hawakurudi.

KUFIKA SI NOMA

Amka mapema, panda mathree ya Naivasha maeneo ya River Road. Ikipitia Mai Mahiu, kaa upande wa kushoto. Mkianza kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa, utaona Mlima Longonot umekaa kule chini na tundu lake la volkano juu. Huo mlima una urefu wa mita 2,776, na hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba unaingia eneo ambalo ardhi yake bado ina moto tumboni.

Ukifika Naivasha mjini, badilisha. Panda gari la kuelekea Kongoni, linalopita kandokando ya ziwa kwenye barabara ya Moi South Lake. Utapita Karagita na mashamba ya maua, kisha umwambie makanga akushushe kwenye makutano ya Hell's Gate. Kutoka hapo hadi lango la Elsa ni kama kilomita mbili tu.

Hapo kwenye makutano na pale langoni kuna vijana wanaokodisha baiskeli. Usichukue ya kwanza kwa sababu ina rangi safi. Ipande, izungushe, ubane breki zote mbili, ubadilishe gia, uangalie cheni. Nilipokuwa nikitazama kiti tu, jamaa mmoja aliyekuwa akijaza upepo gurudumu aliniambia, "Buda, breki kwanza. Kiti hakitakusimamisha." Ni kweli. Njia ya kuingia ina mteremko na changarawe, na pancha ikikupata katikati ya mbuga utaisukuma hiyo baiskeli juani mpaka ujute.

Malipo ya kuingia hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kupitia mtandao wa eCitizen. Bei hubadilika, kwa hivyo iangalie kabla ya kutoka nyumbani. Beba kitambulisho, maana Mkenya hulipa kidogo kuliko mgeni na lazima uonyeshe kwamba wewe ni wa hapa. Fanya malipo mapema, ukiwa na mtandao na chaji.

UKIWA NDANI

Hell's Gate ilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka wa 1984. Ni ndogo, kama kilomita 68 mraba hivi, wakati Tsavo Mashariki peke yake inapita 13,000. Udogo huo ndio raha yenyewe: unaweza kuikata kwa baiskeli na ukarudi siku hiyohiyo bila kulala.

Baada ya lango, kuta za mawe mekundu zinasimama pande zote mbili na njia inapita katikati. Hilo pengo ndilo lililopewa jina la lango la jahanamu na wavumbuzi wa Kizungu, Gustav Fischer wa Ujerumani na Joseph Thomson wa Scotland, waliofika sehemu hizi mwaka wa 1883. Bila shaka Wamaasai walikuwa wakilifahamu eneo hili zamani, na korongo lake wanaliita Ol Njorowa.

Mbele kidogo utakutana na mnara wa mawe wa mita 25 hivi, umesimama peke yake kama mtu anayengoja matatu. Vitabu vinauita Fischer's Tower. Wamaasai wana hadithi yake: msichana aliyekuwa akipelekwa kuolewa alionywa asigeuke kutazama nyuma, akageuka kuangalia kwao kwa mara ya mwisho, akawa jiwe. Mwenyewe utaamua ni jina gani linaufaa zaidi.

Kwenye nyufa za mnara huo wanaishi pimbi, vinyama vinavyofanana na panya mnene asiye na mkia. Usiwadharau. Wataalamu wa viumbe wanasema jamaa zao wa karibu walio hai ni ndovu. Kama unataka kupanda mnara wenyewe, kuna waelekezi wenye kamba, mikanda na helmeti. Utagundua una misuli kwenye vidole ambayo hukuwahi kuitumia isipokuwa kuandika meseji.

Kisha endesha. Pundamilia watainua vichwa, wakuangalie, warudi kula. Twiga watakutazama kutoka juu kama landilodi. Kuna ngiri, swala, kongoni, pofu na nyani. Chui wapo ila kuwaona ni bahati. Ukizima spika yako ndogo (tafadhali izime), utasikia kitu ambacho Nairobi hatukijui: nyasi zikitafunwa. Kwenye gari husikii hiyo. Juu kwenye majabali, tai na mwewe wanazunguka bila kupiga bawa, wakibebwa na hewa ya joto.

Wa kuheshimu hapa ni nyati. Usitoke barabarani kumsogelea, na ukimwona dume akiwa peke yake kichakani, huyo ndiye wa kumwepuka zaidi. Simama mbali, ngoja apite au rudi ulikotoka polepole. Usipige mluzi, usirushe jiwe ili ageuke upate picha nzuri. Nao nyani wanajua sauti ya karatasi ya krispi kukuliko. Chakula kikae ndani ya begi mpaka ufike mahali pa kupumzikia.

UMEME WA SIMU YAKO UNATOKA HUKU

Ukizidi kuingia ndani upande wa Olkaria, utaona moshi mweupe ukipanda kutoka ardhini. Huo si moshi, ni mvuke. Maji yaliyopashwa moto na miamba chini kabisa huletwa juu kwa visima virefu, mvuke wake unazungusha mitambo, mitambo inatoa umeme. Kituo cha kwanza cha Olkaria kilianza kazi mwaka wa 1981, miaka mitatu kabla ya mbuga kutangazwa. Leo umeme wa mvuke ndio unaoongoza nchini. Kwa hivyo ile simu unayoinua kumpiga twiga picha, kuna uwezekano mkubwa ilichajiwa na ardhi unayoikanyaga.

Wengine huona mabomba na kukasirika kwamba yameharibu picha. Mimi nadhani ni vizuri yaonekane. Mabomba hayo yameinuliwa mahali kwa mahali ili wanyama wapite chini yake, na ukisimama hapo unaelewa kwamba kulinda mbuga ni mvutano wa kila siku: taa za mjini upande huu, malisho upande ule. Wala si wanyama tu. Mwaka wa 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa ili kupisha mradi wa Olkaria IV, na malalamiko yao yalifika hadi Benki ya Dunia. Mwanga wetu una gharama, na kuna watu waliotangulia kuilipa.

KORONGO HALINA HURUMA

Kama kilomita nane kutoka lango la Elsa kuna kituo cha askari wa mbuga. Hapo unaacha baiskeli, unashuka kwa miguu kwenye korongo. Ndiyo sehemu inayopendwa kuliko zote. Kuta zimekatwa kwa mikunjo laini kama udongo wa mfinyanzi, mahali pengine ni nyembamba kiasi kwamba unagusa pande zote mbili, na maji ya moto yanachirizika mwambani. Baadhi ya picha za filamu ya Tomb Raider ya mwaka wa 2003 zilipigwa kwenye mbuga hii.

Lakini jiulize: ni nani aliyekata kuta hizo? Ni maji. Zamani sana, Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa na refu kwenda juu kuliko tunavyolijua, na maji yake yalipofurika yalitokea hapa, yakichimba njia mwaka baada ya mwaka. Ziwa lilirudi nyuma. Njia ikabaki, na mvua inaikumbuka. Mvua ikinyesha vilima vya mbali, maji yote hukimbilia mtaro uleule. Wewe uko chini, juu yako kuna jua, mchanga ni mkavu, na ukuta wa maji unakuja nyuma ya kona. Kuta ni laini na ndefu. Hakuna pa kushika.

Aprili 2012, kundi la vijana wa kanisa lilinaswa humo na saba wakafariki. Septemba 2019, watu wengine saba walisombwa na mafuriko ya ghafla, akiwemo mwelekezi wao. Hebu soma hilo tena: hata mwelekezi. Mtu anayelijua korongo kila jiwe bado hana uwezo wa kuyashinda maji yakishafika. Anachoweza ni kukuzuia usiingie, au kukutoa mapema.

Kwa hivyo usimkwepe mwelekezi ili kuokoa pesa ya chakula cha mchana. Wengi wao ni vijana wa papa hapa, na kazi yao kubwa unaifanya wewe iwe rahisi au ngumu. Aliyetuongoza sisi alisimama kabla ya kushuka, akatazama mawingu upande wa juu, akapiga simu kwa mwenzake, ndipo akatuambia twende. Njiani alituonyesha sehemu za kutokea, moja baada ya nyingine, na akataka tuzikumbuke. Mbogi yetu ilikuwa na haraka ya picha. Yeye hakuwa na haraka yoyote.

Akikwambia leo haiwezekani, haiwezekani. Usimbembeleze, usimwongezee kitu mkononi. Askari wakisema korongo limefungwa, geuza, kuna mbuga nzima ya kuendesha. Msimu wa mvua ndefu na ule wa vuli, panga siku yako ukijua huenda usishuke kabisa. Na ukiwa chini usikie ngurumo, hata ya mbali, hiyo si ya kurekodi. Hiyo ni ya kuondoka.

BEBA HIVI

Maji, angalau lita mbili kwa kila mtu. Viatu vyenye meno, si raba laini za kutembea jijini. Kofia, nguo ya kuzuia upepo, na chakula kisicho na mbwembwe. Betri ya ziada. Waambie watu wa nyumbani unaenda wapi na unarudi saa ngapi. Takataka zako zirudi nawe hadi mjini.

Nenda na watu wasiopungua watatu kama unaweza, na yule mchovu zaidi ndiye aweke mwendo. Kumbuka kilomita za kurudi langoni huwa na kilima ambacho asubuhi ulikiita mteremko. Lango hufungwa saa kumi na mbili jioni, kwa hivyo saa tisa ikifika anza kugeuza.

Ukifika makutano jioni, miguu ikitetemeka na meno yakiwa na vumbi, kunywa chai, rudisha baiskeli, panda gari la mjini. Hutakuwa umeona simba. Lakini utakuwa umetumia siku nzima kuangalia anga, kusikiliza vichaka na kupima hatua zako kama kiumbe kingine chochote cha pale. Shuleni walituonyesha wanyama. Hilo la kuishi nao walituachia tujifunze wenyewe, na Naivasha si mbali.