Wimbo Unaobeba Kilio: Namna Nyimbo Zinavyosaidia Moyo wa Mama Kupona



Hapa Mongbwalu tunaimba kila mahali. Tunaimba kanisani, tunaimba matangani, tunaimba tukitwanga mawe ya dhahabu, tunaimba tukimlaza mtoto. Lakini ni mara chache tunajiuliza wimbo unafanya kazi gani ndani ya mtu. Juma hili tuongee jambo hilo, kwa sababu wengi wetu tumebeba mizigo isiyoonekana mgongoni.

Mji wetu ulipita katika vita vya 2002 na 2003. Tangu mwisho wa 2017, vijiji vingi vya Djugu vimeshambuliwa tena, na watu wamekimbia, wamerudi, wamekimbia tena. Kuna mama aliyezika watoto bila matanga. Kuna aliyetendewa ubaya njiani kwenda shambani na hajamwambia mtu hadi leo. Ukimuuliza habari, anajibu ni nzuri. Usiku halali. Mtoto akiangusha sahani, anashtuka kama amesikia risasi. Mume anafikiri amekuwa mkali bure, jirani anafikiri ana kiburi. Kumbe ni mtu mwenye kidonda.

Mfano wa Bukavu

Wenzetu wa Kivu ya Kusini wametuonyesha njia moja. Hospitali ya Panzi, mjini Bukavu, ilianzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, yule aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Wanawake wengi waliobakwa katika vita wametibiwa pale. Baada ya muda, waganga waliona kwamba kushona kidonda cha mwili hakutoshi. Mama anapona tumboni, lakini anarudi nyumbani bado ameinamisha kichwa. Ndiyo maana Panzi wanafuata njia nne kwa pamoja: matibabu ya mwili, msaada wa moyo na akili, msaada wa sheria, na kumsaidia mama apate kazi ya kumlisha.

Katika sehemu ile ya moyo, muziki uliingia. Mwaka 2015, hospitali ilianza mpango unaoitwa Healing in Harmony, pamoja na shirika la Make Music Matter lililoanzishwa na Mkanada Darcy Ataman. Wanawake wanakaa katika kikundi pamoja na mwanasaikolojia na fundi wa muziki. Wanaongea, kisha maneno yao wenyewe yanageuka wimbo. Fundi anawasaidia kupata sauti na mdundo, na mwishoni wanaingia studio kurekodi. Kutoka siku ile hawaitwi tena wagonjwa wala waliobakwa. Wanaitwa wasanii. Nyimbo zao zinasikika mbele ya watu, na yule jirani aliyekuwa akiwanyooshea kidole anasikia habari yao kwa namna nyingine.

Watafiti waliwafuatilia wanawake waliopita katika mpango huo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Huzuni nzito, wasiwasi na ile hofu inayobaki baada ya vita vilipungua, na nafuu hiyo ilikuwa bado ipo miezi kadhaa baadaye.

Kwa nini wimbo unasaidia?

Kwanza, wimbo unafungua njia pale maneno ya kawaida yanapokwama. Sisi walimu tunaliona hilo darasani. Mtoto aliyetoka katika kambi ya wakimbizi anaweza kukaa majuma mengi bila kujibu swali hata moja, lakini wenzake wakiimba, midomo yake inaanza kutembea. Hakuna anayemtazama peke yake. Sauti yake imefichwa ndani ya sauti za wengine, na hapo anapata ujasiri.

Pili, kuimba kunatuliza mwili. Mtu mwenye hofu anapumua haraka na juu juu. Anayeimba anavuta pumzi ndefu na kuitoa polepole. Moyo nao unapunguza mbio. Ndiyo maana mtoto analala kwa wimbo wa taratibu, na mama anayemwimbia anatulia pia.

Tatu, wimbo una mwanzo na mwisho. Kumbukumbu mbaya haina mpango: inakuja saa yoyote, sokoni au usiku, na inamshika mtu kama ajali mpya. Lakini ukiitengenezea beti na kiitikio, wewe ndiye unayeamua ianzie wapi, ipite wapi na ikomee wapi. Zamani yenyewe ilikuwa inakushika. Sasa wewe unaishika.

Nne, kiitikio kinaimbwa na wote. Mama mmoja anasema mstari wake, na wenzake kumi wanamjibu. Anajua amesikiwa. Kwa mtu aliyefikiri yuko peke yake duniani, hiyo ni dawa.

Jambo hili si geni kwetu

Tusidhani limeletwa na wazungu. Kule Zanzibar aliishi Siti binti Saad, mwanamke wa kijiji aliyekuwa akiuza vyungu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, India, kurekodi taarab kwa Kiswahili, wakati ambapo wanawake wa kwetu waliosikika katika sahani za muziki walikuwa wachache mno. Mojawapo ya nyimbo zake, Kijiti, inahusu mwanamke aliyeuawa na haki ambayo haikupatikana mahakamani. Mahakama ilipofunga mlango, wimbo uliendelea kushuhudia.

Uganda nako, mwaka 1989, mwimbaji Philly Lutaaya alitangaza mbele ya watu kwamba ana ukimwi. Wakati ule, ugonjwa huo ulikuwa aibu ya kufichwa chumbani. Aliimba juu ya upweke wa mgonjwa, akafa mwezi wa kumi na mbili mwaka uleule. Lakini familia nyingi zilipata njia ya kulitaja jambo ambalo lilikuwa halitajwi.

Namna ya kuanza katika kikundi chetu

Hatuna studio. Lakini tuna sauti, tuna ngoma, na tuna siku ya likelemba ambapo tunakutana hata hivyo. Haya yanawezekana:

1. Anzeni kwa kukubaliana: yanayosemwa hapa yanabaki hapa. Anayetoboa siri anavunja kikundi.

2. Asilazimishwe mtu kusimulia. Anayetaka kukaa kimya na kupiga makofi tu, naye anashiriki.

3. Chagueni sauti ambayo wote wanaijua, ya kubembeleza mtoto au ya kazi, kisha wekeni maneno yenu.

4. Kila mmoja atoe neno moja au mstari mmoja kuhusu jinsi anavyojisikia. Si lazima aeleze kilichotokea. Anayejua kuandika aandike. Asiyejua, wenzake watamshikia kwa kichwa.

5. Msitaje majina ya watu, vijiji wala makabila. Wimbo unaweza pia kujeruhi. Sisi wa Ituri tunajua maneno ya chuki yalivyowasha moto kati ya jirani na jirani. Wimbo wa kuponya hautafuti adui; unasema mimi naumia, na mimi bado ni mzima.

6. Msimalizie kwenye kilio. Mstari wa mwisho utaje kitu kinachomshikilia mama: watoto wake, shamba lake, Mungu wake, rafiki yake. Kisha kaeni pamoja kidogo, mnywe chai, kabla ya kwenda nyumbani.

7. Asirekodi mtu kwa simu bila ruhusa ya wote. Wimbo ukishaingia katika simu, haurudi.

Huu ni mfano mdogo wa kiitikio, ili mwone kwamba hakihitaji ufundi mkubwa:

Nilibeba kimya kama jiwe kichwani,
Leo nimelitua, wenzangu wameliona.
Halikuwa dogo, lakini nimelitua,
Shingo yangu inageuka, naona njia.

Wimbo una mipaka

Wamama, tusidanganyane. Kuimba si mahali pa hospitali. Hata kule Panzi, muziki unatembea pamoja na mganga na mwanasaikolojia.

Mama aliyebakwa afikishwe kwa waganga haraka, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia ukimwi hazisaidii zikichelewa. Hata kama muda huo umepita, aende tu, kwa kuwa kuna matibabu mengine. Aanzie katika kituo cha afya kilicho karibu au katika hospitali kuu ya hapa Mongbwalu. Bunia kuna kituo cha Karibuni wa Mama, cha shirika la wanawake SOFEPADI, ambacho kazi yake ni kuwahudumia wanawake wa namna hiyo.

Tuangalie pia dalili nyingine. Mama ambaye halali majuma mengi, anayesema afadhali kufa, aliyeacha kumnyonyesha mtoto, au anayekunywa pombe kila siku ili asahau, huyo asiachwe aende peke yake. Mtu amsindikize kwa mganga au kwa wale tunaowaita APS. Na yeyote anayezidi kuumia kila tukiimba, tumwache apumzike. Hakuna mashindano ya kupona.

Juma lijalo, kikundi kikikutana, kila mama aje na wimbo mmoja ambao mama yake au nyanya yake alimwimbia. Mnyali alete wake, Mlendu alete wake, Mhema alete wake, Mualuru alete wake. Tufundishane. Tukishajua kubembelezana kwa lugha ya kila mmoja, maneno yetu wenyewe hayatakawia kuja.