Sababu za bei ya mafuta kutofautiana kutoka mji hadi mji, na kwa nini dereva wa Kisii hajijazii mwenyewe

Kila tarehe 14 ya mwezi, wenye magari, wahudumu wa bodaboda na wafanyabiashara wa Kisii na Nyamira hukaa ange wakisubiri tangazo la Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Bei zinazotangazwa jioni hiyo huanza kutumika saa sita usiku na hudumu kwa mwezi mmoja. Redio husoma bei ya Nairobi na ya Mombasa, pengine na ya Kisumu, kisha huendelea na habari nyingine. Kesho yake mteja hufika kituoni Kisii mjini, akaona kwenye bango tarakimu ambazo hakuzisikia redioni, na hapo huanza kumnung'unikia mwenye kituo kwamba amejiongezea.

Mara nyingi lawama hizo humwangukia asiyehusika. Tangazo la EPRA huandamana na orodha ndefu ya miji, na kila mji umewekewa bei yake ya juu kabisa ya petroli, dizeli na mafuta taa. Kisii na Nyamira zina nafasi zake katika orodha hiyo. Jambo la kuzingatia ni kwamba bei hufuata mji wala si kaunti. Serikali za kaunti zilizoundwa 2013 hazina usemi wowote kuhusu bei ya lita moja ya petroli, hata pale ambapo kaunti mbili zinavutana kuhusu mji mmoja, kama ilivyo Keroka.

Utaratibu huu haukuwapo siku zote. Hadi mwaka wa 1994 serikali ndiyo iliyopanga bei ya mafuta. Mwaka huo soko liliachwa huru na kila kampuni ikawa inauza kwa bei iipendayo. Walioishi mbali na Mombasa na Nairobi waliachwa kutegemea huruma ya wauzaji wachache waliokuwapo. Malalamishi yalipozidi, kanuni za kudhibiti bei zilianza kutekelezwa Desemba 2010 chini ya iliyokuwa Tume ya Kudhibiti Kawi, ERC, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na EPRA baada ya Sheria ya Kawi ya 2019.

Ili kuelewa tofauti yenyewe, yafaa kuifuata lita moja ya petroli tangu inaposhuka melini. Kenya haisafishi tena mafuta ghafi, kwani kiwanda cha Changamwe kilisitisha shughuli hiyo 2013. Mafuta yote huletwa yakiwa tayari, hupakuliwa Kipevu mjini Mombasa na kuingizwa katika bomba la kampuni ya Kenya Pipeline. Bomba hilo lilifika Nairobi 1978, likaongezwa hadi Nakuru, Eldoret na Kisumu 1994. Kila kilomita ya bomba ina ada yake, na ndiyo sababu petroli ya Mombasa kwa kawaida huwa nafuu kuliko ya Nairobi kwa takriban Sh3 kwa lita.

Bomba halifiki Kisii. Ghala lililo karibu ni la Kisumu, na kutoka huko mafuta hupakiwa kwenye malori yanayopitia Ahero, Sondu na Oyugis yakipanda milima ya Gusii, safari ya zaidi ya kilomita 100. Barabara ni ghali kuliko bomba. Lori hula dizeli, matairi huchakaa milimani, dereva na msaidizi wake hulipwa, na mara nyingi lori hurudi Kisumu likiwa tupu. Gharama hiyo hugawanywa kwa kila lita na kuongezwa katika bei ya mji. Kadiri mji unavyokuwa mbali na ghala ndivyo nyongeza inavyokua. Ndiyo maana Mandera, kule mpakani kaskazini mashariki, hupata bei za juu mno kuliko miji mingi nchini.

Kila kitu kingine katika bei hiyo ni sawa nchini kote. Gharama ya kununua mafuta ng'ambo ni moja, na faida ya kampuni na ya mwenye kituo imewekewa kiwango. Ushuru nao hautofautishi mji na mji. Ushuru wa Ziada ya Thamani kwa mafuta ulipopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, na ada ya kukarabati barabara ilipoongezwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita mwaka uliofuata, mkazi wa Nyamira alilipa nyongeza sawa na ya mkazi wa Nairobi. Anayesikitikia umbali wake na bahari basi anasikitikia shilingi chache tu. Mzigo mkubwa hutoka kwenye soko la dunia, thamani ya shilingi na meza ya Waziri wa Fedha. Oktoba 2023, petroli ilipofika Sh217.36 jijini Nairobi, hapakuwa na mji wa bara ambao ungeweza kuitwa wa bei nafuu.

Hata hivyo, bei ya EPRA ni kikomo cha juu, na hakuna kanuni inayomzuia mwenye kituo kuuza chini yake. Baadhi ya vituo vidogo visivyo na majina makubwa hupunguza senti kadhaa au hata shilingi ili kuwavuta wateja, hasa pale vinapokaribiana kando ya barabara kuu. Udhaifu wa vituo hivyo huonekana mafuta yanapoadimika. Machi na Aprili 2022, kampuni zilipokuwa zikidai serikali malipo ya ruzuku, miji mingi ya magharibi ya nchi ilishuhudia foleni ndefu na pampu zilizokauka, huku wauzaji wengine wakitoza zaidi ya kikomo. Bei iliyochapishwa haimfaidi mtu kituo kikiwa kimefungwa.

Swali la pili ambalo huulizwa, hasa na waliowahi kuishi ng'ambo, ni kwa nini Mkenya hashuki garini akajijazia mwenyewe ili apunguziwe bei. Nchini Marekani hilo ni jambo la kila siku. Dereva huingiza kadi kwenye pampu, hujaza, huondoka, na pale kituo kinapokuwa na huduma zote mbili, anayehudumiwa hulipa zaidi kwa kila galoni. Lakini hata huko si kila mahali. Jimbo la New Jersey limepiga marufuku kujijazia tangu 1949, na Oregon iliyopitisha sheria kama hiyo 1951 iliruhusu wateja kujijazia kote jimboni 2023 tu. Japani nayo haikuruhusu hadi 1998. Jirani zetu wa Afrika Kusini wamekataa kwa sababu moja iliyo wazi, nayo ni kulinda maelfu ya ajira za wahudumu.

Huku kwetu bei ni ileile iwe umehudumiwa au la, kwa kuwa hesabu ya EPRA haitambui tofauti hiyo. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kujijazia hakungempa mteja wa Kisii nafuu ya maana. Angalia jinsi mafuta yanavyonunuliwa. Mhudumu wa bodaboda hasemi lita. Husema, "Niwekee ya mia mbili," na hulipa kwa noti au kwa M-Pesa. Pampu ya kujijazia hutaka kadi au malipo ya mapema, na hutaka mitambo ambayo mwenye kituo angelazimika kuifidia kutoka kwa faida ileile iliyowekewa kiwango. Kijana aliyevaa ovaroli hapo pampuni hupokea pesa, hukabidhi chenji, huzuia wavutaji sigara na huhakikisha hakuna anayeondoka bila kulipa. Kumwondoa ni kuongeza mtu mmoja katika idadi ya wasio na kazi, bila hakika kwamba bei itashuka hata kwa senti hamsini.

Kinachomwumiza mnunuzi mdogo kipo kwingine. Katika vijiji vya ndani vya Nyamira, mbali na lami, petroli huuzwa kwenye chupa za soda kando ya njia. Biashara hiyo hairuhusiwi, ni hatari kwa moto, na hakuna kikomo kinachoifikia. Tuseme muuzaji ameongeza Sh20 kwa lita, na bodaboda inatumia lita nne kwa siku. Mwendeshaji amepoteza Sh80 kabla ya jua kutua, ilhali tofauti ya shilingi moja baina ya mji na mji ingemgharimu Sh4. Naye huihamishia kwa abiria, kwa mgonjwa anayepelekwa hospitalini na kwa mama anayepeleka ndizi sokoni Daraja Mbili. Mkulima wa majani chai ambaye hajawahi kukanyaga kituo cha mafuta naye hulipa, kwa kuwa gharama ya dizeli ya lori linalokusanya majani hukatwa katika mapato ya kiwanda chake.

Kisha kuna kipimo. Maafisa wa vipimo na mizani hukagua pampu kwa kutumia chombo maalumu cha lita 20, na pampu iliyo sawa huwekwa lakiri. Pampu ikipunja nusu lita katika lita hizo 20, mteja amepoteza asilimia 2.5. Petroli ikiwa Sh180, hiyo ni Sh4.50 kwa kila lita, zaidi ya tofauti ya Mombasa na Nairobi tunayoilalamikia kila mwezi. Wizi huo haupo kwenye orodha yoyote, na mtu hawezi kuubaini akiwa amekaa kwenye kiti akitazama simu.

Mteja ashuke basi, asimame upande wa pampu na kuhakikisha tarakimu zimeanza kwenye sifuri kabla mpira haujaingizwa tangini. Alinganishe bei ya lita iliyo kwenye pampu na ile ya mji wake katika orodha ya EPRA, si ile ya Nairobi iliyosomwa redioni. Adai risiti. Akipata kwamba bei imepita kikomo, risiti hiyo ndiyo ushahidi atakaouwasilisha kwa EPRA. Na akishuku kipimo, maafisa wa vipimo na mizani ndio wenye chombo cha lita 20.