Soketi Inapokaa Kimya

Chukua kompyuta mbili zinazowasiliana kwa TCP. Moja inaendesha programu ya Python inayosubiri data kwenye soketi yake, yaani ncha yake ya muunganisho. Nyingine ni seva. Sasa chomoa waya wa umeme wa seva. Upande wa Python halitokei lolote, si kosa wala onyo. Ukirudi kesho asubuhi utaikuta bado inasubiri.

Wanaoanza kuandika programu za mtandao hushangazwa sana na jambo hili. Neno "muunganisho" huwafanya wafikirie kamba iliyofungwa ncha mbili, ambayo ikikatika italegea na kila mtu ataiona. Kamba hiyo haipo. Muunganisho wa TCP ni kumbukumbu tu: kila kompyuta imehifadhi kwenye ramu yake hesabu ya baiti ilizotuma na ilizopokea. Kanuni zilizochapishwa Septemba 1981, mhariri wake akiwa Jon Postel, zinaruhusu pande mbili zikae bila kutumiana hata pakiti moja na muunganisho ukahesabika kuwa hai. Nauona uamuzi huo kuwa wa busara, kwani ruta ya katikati ikizimika kisha ikawaka tena, mazungumzo huendelea pale yalipoishia. Lakini una gharama yake: aliyekufa ghafla na asiye na la kusema hawatofautiki.

Kuna kukatika kwa adabu pia. Upande wa pili ukifunga vizuri hutuma pakiti ya kuaga, na hapo recv, amri ya Python ya kusoma, hurudisha baiti tupu. Hilo si kosa, ni kwaheri. Programu isiyoikagua hurudi kusoma tena na tena, ikipata utupu kila mara, huku prosesa ikihema bure. Seva iliyowaka upya ikiwa imesahau mazungumzo, yenyewe haiagi: ikipokea pakiti yako huikataa papo hapo, na Python hukuletea ConnectionResetError.

Kwenye kutuma ndiko kuliko na mtego mkubwa zaidi. Amri ya send inapofaulu, maana yake ni kwamba data imeingia kwenye bafa ya mfumo endeshi wa kompyuta yako mwenyewe. Haijasemwa kwamba mwenzako ameipata. Ndiyo maana ujumbe wa kwanza kwenda kwa aliyekwisha kufunga huweza kupita salama, na BrokenPipeError ikajitokeza kwenye wa pili. Sendall nayo ikishindwa katikati, Python haina njia ya kukuambia ni baiti ngapi zilizotoka.

Linux ina ukaguzi wake wa uhai, lakini sharti uuwashe mwenyewe kwa kila soketi. Hata ukiwashwa, kwa kawaida husubiri sekunde 7,200 za ukimya, kisha hubisha hodi mara 9 kwa kupishana sekunde 75. Jumla ni saa 2, dakika 11 na sekunde 15. Hakuna mteja wa kuvumilia hivyo.

Kwa hiyo mwandishi wa programu ndiye wa kuamua ukimya wa muda gani ni kifo. Aweke kikomo cha kusubiri kwa settimeout, tuseme sekunde 30, na pande zote mbili zitumiane ujumbe mfupi wa "nipo" kabla muda huo haujaisha. Soketi iliyovunjika haifufuki: ifungwe, ifunguliwe mpya, na majaribio ya kuunganisha tena yaachane kwa sekunde 1, 2, 4, 8, yakiongezewa muda mdogo wa kubahatisha ili maelfu ya programu zisiivamie kwa pamoja seva iliyoamka sasa hivi. Na kila ujumbe upewe namba yake ya pekee. Bila namba hiyo, agizo la malipo lililotumwa tena baada ya kukatika linaweza kulipwa mara mbili.

Python ikifungua soketi haiwekei kikomo chochote cha kusubiri. Fungua programu yako leo utafute settimeout. Kama haimo, iweke kabla umeme wa upande wa pili haujakatika.