Kuoga mara tatu kwa siku: usafi au sifa?

Hebu tuulizane msomaji wangu, na usione haya, tuko wawili tu hapa: kwa siku unaoga mara ngapi?

Swali hilo ukilitupa kijiweni kwetu Mwananyamala, hutapata mtu wa kujibu "mara moja". Wengi watasema mbili, na mabishoo watasema tatu. Hata yule ambaye kikwapa chake kinatangulia kushuka kwenye daladala, naye atasema tatu! Kwa joto la Dar es Salaam, ambapo mwezi wa Januari unatoka bafuni huku jasho jingine limeshaanza kukutoka, kusema umeoga mara moja ni sawa na kujitangaza mchafu.

Mimi nilikuwa katika kundi la mara tatu, tena siyo kwa mdomo. Asubuhi kabla ya kazi, jioni nikirudi, na usiku kabla ya kulala. Sabuni ya dawa, dodoki gumu, povu mpaka kwenye nyusi. Vijisenti vilipoingia nikafunga hita ya umeme kwenye bomba la mvua, yale maji yakawa yanatoka na mvuke. Nikajiona nimeukata.

Kumbe nilikuwa najitafutia kasheshe, kwanza na ngozi yangu, kisha na wapangaji wenzangu.

Ngozi ndiyo ilianza. Ugoko ulipauka kama nimetembea kwenye majivu, halafu ukaanza kuwasha. Nikajua ni uchafu huo. Na dawa ya uchafu ni nini? Si kuoga! Nikaongeza sabuni na kusugua. Kadiri nilivyosugua ndivyo nilivyojikuna, mpaka kazini nikawa najikuna kwa rula chini ya meza. Washikaji wakaanza kunipa majina ambayo mhariri hawezi kuyachapa.

Nikaenda kwa daktari wa ngozi nikitegemea sindano. Swali lake la kwanza lilikuwa: unaoga vipi? Nikamwelezea kwa majigambo, mara tatu, maji ya moto, dodoki. Mzee akavua miwani, akacheka. "Kijana, wewe hujaambukizwa kitu. Unajichuna mwenyewe."

Akanipa somo ambalo nakuletea bure. Tabaka la juu kabisa la ngozi limepangwa kama tofali za ukuta, na kati ya tofali na tofali kuna mafuta, ambayo ndiyo saruji yake. Mafuta hayo huzuia maji ya mwilini yasipotee, na huzuia vijidudu visipenye. Sasa wewe ukija na maji ya moto, sabuni kali na dodoki, unakwangua saruji. Ngozi hukauka, hupasuka nyufa ndogo usizoziona, na hapo ndipo kuwasha kunapoanza. Ukirudia mara tatu kwa siku, ukuta haupati hata nafasi ya kujikarabati. Mwenye asili ya ukurutu ndiyo anaumia zaidi.

Nikamuuliza, sasa daktari, na jasho je? Akaniambia jasho likitoka tu halina harufu ya maana. Kinachonuka ni kazi ya bakteria wanapolikuta lile jasho zito la kwapani na kwenye kinena. Vitezi vya jasho hilo huamka mtu anapobalehe, ndiyo maana mtoto mdogo anaweza kucheza juani kutwa nzima na asinuke kikwapa. Kwa hiyo sabuni ina sehemu zake: kwapani, kwenye kinena, makalio na miguu. Mikono, tumbo na mgongo, kama hukushinda kwenye vumbi au grisi, maji matupu yanatosha.

Na ile sabuni yangu ya dawa? Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipiga marufuku viungo 19 vya kuua vijidudu, kikiwemo triclosan, kwenye sabuni za kuogea na kunawia za watu wa kawaida. Watengenezaji walishindwa kuthibitisha kwamba ni salama kwa matumizi ya kila siku na kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Mie nilikuwa nanunua jina.

Hayo ya ngozi yangeishia kwangu. Ya pili yalimuumiza mtu.

Nyumba yetu ina vyumba sita, bafu moja na LUKU moja, tunachanga sawasawa. Chumba cha pili anakaa dada mmoja mwenye watoto wawili, anauza barafu za ukwaju kwa wanafunzi. Friji lake ndiyo ofisi yake. Usiku mmoja wa Jumamosi uniti zikaisha, sote tumelala. Asubuhi barafu zote maji, ukwaju umechacha, sukari imepotea. Hakupiga kelele. Alinifuata mlangoni akasema taratibu: "Mdogo wangu, zile uniti za mwezi mzima zimeisha katikati ya mwezi. Hatujaongeza kitu nyumba hii isipokuwa hita yako."

Nilibisha, kijana gani hakubishi? Lakini nilipoingia ndani nikachukua kalamu. Hita yangu imeandikwa wati 5,500. Dakika 10 chini yake ni uniti 0.9 hivi. Mara tatu kwa siku, kwa siku 30, ni zaidi ya uniti 80! Na wale wateja wadogo wa umeme wenye bei nafuu, kikomo chao ni uniti 75 kwa mwezi. Yaani kuoga kwangu peke yangu kungemtoa mtu kwenye bei nafuu kabla hajawasha hata taa moja.

Nikaweka ndoo ya lita 20 chini ya bomba, ikajaa kabla ya dakika nne. Kwa hiyo kila nikioga zinakwenda lita 50 na zaidi. Tenki letu la lita 1,000 nilikuwa nalimaliza peke yangu kwa wiki, halafu boza la maji likija tunachanga sote. Nilinyamaza kimya.

Nikakumbuka mwishoni mwa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia kwenye mgao wa maji. Tulioga kwa kopo, nusu ndoo, mara moja. Nani aliachwa na mchumba? Na ngozi yangu wakati ule ilikuwa haiwashi!

Usinielewe vibaya, sisemi ukae na jasho. Jasho likigandia kwenye nguo za kubana linaleta harara, na unyevu kwenye mapaja na katikati ya vidole ni karamu ya fangasi. Umecheza mpira, umebeba zege? Oga, tena leo leo. Wala maji kidogo yasikupe kisingizio. Kule Kongwa, Dodoma, sehemu kame, utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kuwaweka watoto nyuso safi kulisaidia kupunguza trakoma kali, ugonjwa unaopofusha. Uso mmoja unahitaji maji kiasi gani? Kiganja tu.

Siku hizi naoga mara moja kwa sabuni, jioni nikitoka kazini. Asubuhi najimwagia maji haraka, basi. Kopo na ndoo, dakika tano. Nikitaka vuguvugu, birika mbili za lita moja na nusu zilizochemka nazichanganya kwenye ndoo, inakula robo uniti. Nikichota maji ya tenki saa kumi jioni, jua limeshanipashia bure. Najikausha vizuri, hasa katikati ya vidole, napaka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Chupi na soksi ni safi kila siku, maana mwili safi ndani ya soksi ya juzi ni kazi bure.

Ugoko umepona. Hita nimeiuza, na pesa yake nikampelekea yule dada kwa ajili ya sukari na ukwaju. Alichukua nusu, nusu akanirudishia. "Nunua mafuta ya mgando," akaniambia, "umepauka mno."

Sasa msomaji, nakuuliza tena: unaoga mara ngapi? Na anayelipia ni nani? Tukutane wiki ijayo.